Kaseti Iliyorudi Ibra

Teksi ilikuwa imeshaipita Al Kamil, na mimi nimekaa nyuma upande wa jua, goti langu bovu limebanwa na kiti cha mbele. Nilitoka Sur, pwani ya Omani, asubuhi bila ya kumuaga mtu. Hilo si jambo jipya kwangu, watu wanaonijua wameshachoka kuniuliza nakwenda wapi. Safari hii lakini nilijua vizuri ninakokwenda, na njia nzima nilikuwa naomba gari liharibike.

Mfukoni nilikuwa na barua. Ilitoka Amerika, katika chuo kikuu kimoja cha kusini, chuo cha watu weusi, kilichojengwa zamani wao walipoachwa huru utumwani, na vyuo vya wazungu vikakataa kuwapokea. Mimi pale nimefanya kazi miaka kumi na saba. Nisidhaniwe msomi. Niliteremka melini mwaka wa 1961 nikiwa msaidizi wa mpishi, nikachelewa kupanda tena, meli ikaniacha. Baada ya kuhangaika huku na huku nikapata kazi ya kusukuma kigari chini ya maktaba yao, kule wanakoweka nyaraka. Masanduku ya kijivu, rafu mpaka darini, dirisha hakuna. Humo mlikuwa na barua za watu wao, picha, daftari za makanisa, na sauti za wazee ambao wazazi wao walikuwa watumwa, wamerikodiwa mmoja mmoja kabla hawajafa. Kiingereza changu nimekipata humo, kwa kusoma vibandiko vya masanduku. Kabla ya hapo nilikuwa na miaka minne ya Kurani na mwaka mmoja na nusu wa skuli, basi.

Mwaka wa 1997, mimi nimeshahamia Omani, mkuu wa nyaraka zile aliniandikia. Nilimjua tangu alipokuwa msichana wa kupanga kadi, na mimi humwita Bi Mkuu. Alisema sauti za kwao wanazo nyingi, lakini za upande wetu wa bahari hawana hata moja. Je, wako Omani wazee wanaosema Kiswahili, ambao mama zao au baba zao waliletwa Unguja kutoka bara kwa nguvu? Kama wako, wangekubali kuzungumza? Akaniletea mashine ya kurikodia, kaseti thelathini, na fomu.

Nilizunguka nayo karibu miaka miwili, Sur, Jalan, Ibra, mpaka Nizwa. Nikarikodi watu tisa. Wanane hawakusema kitu. Walinihadithia harusi, maulidi, barabara za Unguja zilivyokuwa zikifagiwa. Mmoja aliimba. Nikiwauliza habari za mama zao wanasema walikuwa watu wa dini. Wa tisa alikuwa Khamisa.

Khamisa wa Ibra ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake, Zafarani, alikuwa mtumishi katika nyumba ya babu yangu, na mama yangu alipokosa maziwa Zafarani ndiye aliyenipa titi, mimi upande huu na Khamisa upande huu. Nimesema mtumishi kwa sababu ndilo neno tulilokuwa tukilitumia nyumbani. Khamisa amenipita mwaka mmoja na hajaacha kunikumbusha. Siku nilipomuwekea mashine mbele yake alitengeneza mtandio wake vizuri utasema anapigwa picha, halafu akasema saa nzima bila ya kunywa maji. Alisema mama yake alichukuliwa mtoto kule Nyasa, wakati ambapo biashara ile imeshapigwa marufuku na watu wanaifanya kwa siri. Alisema jina lake la kwao lilikuwa Nambewe, na kwamba kila mwezi ukiandama alikwenda uani akalitaja peke yake mara kadhaa asije akalisahau. Alisema mumewe naye alitoka nyumba ile ile ya babu yangu, na kabila wanaloliandika leo katika vitambulisho vyao ni kabila letu sisi, wao wamelivaa tu kama mtu anavyovaa koti alilopewa.

Nilipozima mashine akasema, "Hayo hayajatoka mdomoni mwangu hata siku moja. Mwanangu amekufa hayajui."

"Yatakwenda mbali," nikamwambia. "Huko hapana anayekujua."

Halafu nikamjazia fomu, na hapo ndipo nilipoharibu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya kutia alama: sauti iwe wazi sasa, au ifungwe mpaka mwaka utakaotajwa. Nikatia alama iwe wazi. Sikumuuliza. Miaka kumi na saba nimesukuma masanduku yaliyofungwa na nilikuwa nimeyachoka. Chini yake paliulizwa anwani ya kumpelekea msemaji nakala, maana wale watu wana adabu yao, hawachukui sauti ya mtu bila ya kumrudishia. Nikaandika sanduku la posta la duka la Abdullatif. Ibra posta haimfikii mtu mlangoni. Kila aliyetoka Afrika katika mtaa ule barua zake zinapitia sanduku lile, na mimi nimeliandika katika fomu nyingi mpaka mkono unakwenda wenyewe. Khamisa akatia kidole.

Na Hiba, mjukuu wa Khamisa, alikuwa amechumbiwa na Hisham. Hisham ni mtoto wa Abdullatif.

Barua ya Bi Mkuu iliyokuwa mfukoni ilisema nakala ya Bi Khamisa imeshatiwa posta wiki tatu nyuma, pamoja na karatasi ya muhtasari. Alikuwa na furaha. Walipoisikiliza, wawili katika ofisi yake walilia, na walikuwa hawajui hata neno moja la Kiswahili, wameisoma tafsiri yangu tu.

Teksi haikuharibika. Niliteremka Ibra karibu na adhuhuri nikaenda moja kwa moja dukani. Abdullatif anauza rangi, mabomba, vitasa na misumari. Ni mtu wa miaka sitini, mnene, mzaliwa wa Unguja kama mimi, na alifanya kazi katika kampuni ya mafuta kabla ya kufungua duka, kwa hivyo Kiingereza anakisoma kuliko ninavyokisoma mimi.

"Shikamoo, ami Khelef."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umechelewa." Akavuta droo ya meza, akatoa bahasha ya kahawia yenye stempu za Amerika. Ilikuwa imefunguliwa. "Kama umekuja kwa hii, imefika Alkhamisi."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. "Umeisoma?"

"Ningeisoma ingekuwa afadhali. Niliipiga." Akaonesha kwa kidevu redio ya kaseti iliyokuwa rafuni baina ya makopo. "Hapa, na watu wamekaa."

Sikuhitaji kuelezwa kwa nini, lakini asiyetujua atahitaji. Watu wetu wengi hawakujua kuandika, basi jamaa waliobaki Unguja walikuwa wakizungumza katika kaseti, wakaitia bahasha wakaituma. Ikifika Ibra hupigwa dukani kwa Abdullatif mbele ya kila aliyepo, kwa sababu nusu ya salamu ni za watu wengine. Amefanya hivyo tangu mwaka wa 1982. Barua za serikali za wazee huzifungua pia, akawasomea Ijumaa baada ya alasiri, na hajapata kumdai mtu shukrani.

"Nikasema labda ni wajukuu wa marehemu dada yake Bi Khamisa wamehamia huko," alisema. "Nikaitia mashineni kabla ya kumwita, nisikie salamu za nani zimo. Ndiyo desturi, au nimezua?"

"Hukuzua."

"Basi kaka Zakariya amekaa hapo hapo ulipokaa wewe. Ameteremka kutoka Dima wa Tayyin kuja kupanga harusi."

Zakariya nilimjua. Ni mkubwa wa Abdullatif kwa baba, hakuwahi kuvuka bahari, amezaliwa mlimani na mbuzi wake wako mlimani. Neno lake katika ukoo ule ndilo la mwisho, na ukoo ule hauoi kwa wajukuu wa watumwa.

"Lakini Zakariya hajui Kiswahili," nilisema.

"Hajui. Akaniuliza, huyu mama anasema nini? Nikamwambia anasalimia. Na Ghaniya ndio anaingia na kahawa, anasikia, anasimama, mara machozi." Ghaniya ni mkewe. "Mtu analia kwa salamu, ami? Kaka akamtaka yeye amfasirie. Na Ghaniya hajui kudanganya, ndiyo ila yake tangu nimuoe. Mpaka mie nimeizima, kashamwambia nusu."

"Na wewe ulikuwa hujui?"

Akaifunga droo. "Ami, tusifanyiane mchezo. Nani hajui? Wewe hujui? Nilijua tangu siku ya kumposa yule binti, na nikaposa. Lakini nilikuwa nalijua ndani ya nyumba yangu. Sasa limesemwa mbele ya kaka, na lina karatasi, na karatasi ina muhuri wa chuo kikuu. Akiniuliza nitamwambia nini, sijui kusoma?"

"Anataka nini?"

"Anataka karatasi nyingine." Akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akaacha. "Bi Khamisa awaandikie wale wale wa Amerika. Aseme ni mzee, alichanganyikiwa, maneno yale si ya kweli, na lile jina alilitunga. Wakivunje kile kinachozungumza, hiyo kaseti. Atie kidole, na kopi apewe kaka. Ikija, harusi iko pale pale baada ya Hijja. Isipokuja, kaka hakai katika kufunga ndoa. Na kaka asipokaa, wa kwetu hatakaa hata mmoja."

"Na Hisham?"

"Hisham yuko Nizwa, kazini. Nimempigia simu. Kasema atafanya atakavyosema baba." Alisugua macho. "Sijui kama hiyo ni malezi mema au mabaya. Bi Khamisa sijamwambia. Nilikuwa nakungoja. Uliyeirikodi ni wewe."

Nikachukua bahasha nikatoka. Kutoka duka lile mpaka kwa Khamisa ni mwendo wa dakika sita, mimi nilikwenda robo saa.

Alikuwa amekaa jikoni juu ya mkeka anachambua mchele, ingawa Hiba amemnunulia mchele wa pakiti usio na mawe.

"Mdogo wangu!" alisema. "Sur wamekufukuza tayari?"

"Bado. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda. Utakula kwanza au utasema kwanza uongo uliokuleta?"

"Nitasema kwanza."

Alipouona uso wangu aliweka ungo chini. Hiba akatokea chumbani, amevaa nguo za kazini. Alikuwa karani wa kituo cha afya na saa zile hurudi kula. Msichana wa miaka ishirini na sita, mrefu, ana sauti ya pole, na Kiswahili chake ni cha aliyekulia Ibra. Akanipa mkono, "Shikamoo, babu Khelef," na mimi nikasema mbele yake, kwa sababu sikuwa na nguvu za kulisema mara mbili. Nikaeleza habari ya kaseti, redio ya dukani, Zakariya, machozi ya Ghaniya, na karatasi inayotakiwa. Nikasema na lile la visanduku viwili vya fomu, kwamba nilitia alama bila ya kuuliza.

"Uliniambia itakwenda mbali," alisema Khamisa.

"Ilikwenda mbali. Wakairudisha."

"Kwa nini wairudishe? Mimi niliwaomba?"

"Kwao ni heshima. Wanaona hivyo."

Akacheka kidogo, bila ya furaha. "Heshima. Haya."

 Hiba alikuwa ameishika bahasha anaipinduapindua. "Iko humu?" akauliza.

"Imo."

"Ya bibi, yote iko humu? Ya mama yako na ya babu?"

"Yote," alisema Khamisa.

"Mimi nimelala chumba moja na wewe tangu mdogo. Kila siku, kila siku. Umemwambia Mmarekani kabla hujaniambia mimi?"

Khamisa akauvuta ungo karibu. 

"Mmarekani hakuwa anangoja kuolewa," alisema.

Hiba akaingia chumbani na kaseti, akafunga mlango. Tukaisikia sauti ya Khamisa ikitoka ndani, nyembamba, na Khamisa mwenyewe yuko hapa nje ameegemea ukuta na ungo miguuni. Hatukutazamana. Ilipofika pale pa Nambewe kwenda uani mwezi ukiandama, Hiba alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara tatu alirudisha. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, tukasali kila mtu pembeni kwake, na sauti ilikuwa bado inaendelea mle ndani. Kazini hakurudi siku ile.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini amekwisha kunawa. Akakaa chini karibu na bibi yake, akamshika mguu, akawa anaubinya kama afanyavyo kila siku kwa ajili ya uvimbe.

"Sikulazimishi," alisema.

"Sema unachotaka."

"Nimemngoja Hisham miaka nne. Kwanza alikuwa anasoma, halafu kazi, halafu nyumba. Wenzangu wote wana watoto. Nikimkosa huyu kwa sababu hii, nani mwingine atakuja? Wote watajua sababu." Aliendelea kuubinya mguu. "Bibi, yeye ameshakufa. Allah amrehemu, lakini ameshakufa. Mimi niko hai."

Nilidhani Khamisa atakasirika. Hakukasirika.

"Kweli," alisema. "Wewe uko hai." Kisha akanigeukia. "Andika, Khelef."

Nikamwambia naweza kukataa. Nikamwambia kuna njia ya katikati: tuandike kwamba sauti ifungwe, asiisikie mtu mpaka sote tumeoza, bila ya kusema ni uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zakariya atakubali hiyo?"

"Hatakubali."

"Basi unanichosha bure. Na wewe ukikataa ataandika Abdullatif kwa Kiingereza chake kizuri. Bora uandike wewe. Wewe umenyonya."

Hiba akaleta karatasi na kalamu. Nikaandika juu ya kifuniko cha kasha, kwa Kiingereza changu cha vibandiko, na kila mstari Khamisa alitaka niufasiri kabla ya kwenda mwingine.

"Nisomee vizuri," alisema. "Nisije nikatia kidole nisichokijua, kama mara ile."

Nikasoma: mimi Khamisa, mkaazi wa Ibra, ni mzee na akili yangu huja na kwenda.

"Hilo ni kweli siku nyingine. Endelea."

Nikasoma: niliyoyasema katika kaseti kuhusu mama yangu na mume wangu hayakuwa ya kweli, na naomba kaseti hiyo ivunjwe.

"Endelea."

"Halafu pana jina," nilisema.

"Lina nini?"

"Abdullatif kasema jina litajwe. Limo katika karatasi yao, Zakariya kalisikia." Nikaona uso wake unabadilika nikaharakisha. "Naweza kuandika kwamba hulijui jina la mama yako la kwao. Inatosha. Ni kitu kidogo."

"Hapana." Alilisema kwa ukali, Hiba akauacha mguu. "Usiandike silijui. Andika nimelitunga."

"Dada, kutunga ndio vibaya zaidi. Ndio kusema umedanganya."

"Nimedanganya, haya. Nitabeba. Lakini sisemi silijui. Yule mwanamke alikwenda uani miaka yote ile ili nilijue, halafu mimi nitie kidole kwamba silijui?"

Basi nikaandika: jina la Nambewe nimelitunga mwenyewe. Hiba akaleta kidau cha wino wa muhuri alichokuwa nacho nyumbani, cha kazini kwake, na Khamisa akatia kidole gumba mahali nilipomuonesha. Akakitazama. Akakwenda kuosha kwa sabuni, akarudi, akakwenda kuosha tena.

"Wataivunja?" aliniuliza akiwa bado anakausha mkono.

Nilijua jibu. Kule chini ya maktaba kilichoingia hakitoki. Miaka kumi na saba sikuwahi kuona karatasi ikitupwa, hata stakabadhi, hata bahasha tupu. Kama mtu akileta karatasi ya kukataa karatasi yake ya kwanza, wanaziweka zote mbili. Hilo nalo sikumwambia mtu, si yeye, si Hiba, si Abdullatif.

"Nimewaandikia waivunje," nilisema.

Siku ya pili nilikwenda dukani. Abdullatif akaisoma barua, akarekebisha herufi mbili nilizokosea, akatoa kopi katika mashine ya duka la jirani. Kopi akaitia bahasha ya Zakariya. Ile ya asili nikaipeleka posta mimi mwenyewe nikangoja mpaka igongwe muhuri.

"Ami," Abdullatif aliniambia nilipokuwa nangoja teksi ya kurudi Sur, "usiniletee kaseti tena katika sanduku langu."

"Sitaleta."

"Simaanishi hivyo. Letu ni lako. Lakini unielewe."

Nilimuelewa. Hata Zakariya nilimuelewa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Harusi ilifanyika baada ya Hijja, Ibra, katika uwanja wa nyuma ya nyumba ya Abdullatif. Zakariya alikaa mahali pake katika ndoa, akanywa kahawa, akatikisa kikombe alipotosheka. Alinisalimu kwa kunigusa pua, kama wanavyosalimiana watu wa kabila moja. Khamisa alikaa na wanawake na nilisikia kwamba alicheza. Nilipokwenda kumuaga alinipa halua katika kikapu kidogo, akaniuliza habari ya goti langu.

Mwezi wa saba Bi Mkuu alinijibu, barua ikaja Sur. Alisikitika. Aliandika kwamba kwa kuwa Bi Khamisa ameomba, kaseti imefungwa mpaka mwaka wa 2050, lakini kuvunja hawavunji, sheria yao hairuhusu. Barua yake ya kukataa imewekwa katika jalada moja na kaseti. Aliuliza kama yule mama yuko salama, na kama kuna mtu amemlazimisha. Alisema nikitaka kueleza ilivyokuwa, maelezo yangu nayo yatawekwa humo humo. Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza nilifika ukurasa wa pili, mara ya pili nusu ukurasa, mara ya tatu niliandika tarehe tu.

Hiba na Hisham walihamia Nizwa. Wana watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wa kwanza anaitwa Shatha. Hiba ameendelea na kazi, yuko hospitali sasa. Kiswahili watoto wake wanakisikia lakini hawakisemi.

Zakariya alikufa Dima mwaka wa 2001, maradhi ya figo. Wanawe waliuza mbuzi wakaja kukaa mjini. Sijui kopi ile aliiweka wapi, na sidhani kama wao wanajua kuwa ipo.

Abdullatif alipatwa na kiharusi kidogo mwaka wa 2004 akakabidhi duka kwa mpwa wake. Sanduku la posta bado linalipiwa, ila watu wengi wana simu za mkononi na hawaandikiani tena. Ghaniya yuko naye, anamlisha kwa mkono.

Khamisa alifariki Ibra mwezi wa Rajabu, mwaka wa 2002, kwa sukari. Katika miaka ile mitatu ya mwisho nilikwenda kumtazama mara nne. Tulizungumza habari za samaki, dawa na watoto wa Hiba. Habari za Unguja hakuzitaja na mimi sikuzianzisha. Nilikuwapo katika mazishi.

Bi Mkuu alistaafu mwaka wa 2005. Aliyeshika nafasi yake ameniandikia mara moja kuniuliza kama nina kaseti nyingine. Nilimjibu sina.

Mimi niliondoka Sur mwaka wa 2000 nikaenda Jalan Bani Bu Hassan, nikakaa huko kwa jamaa mmoja mpaka aliponichoka. Sasa niko Bidbid, nimepanga chumba nyuma ya duka la mipira ya gari. Jicho la kushoto halioni vizuri. Goti limefanyiwa operesheni na halikupata nafuu.